Damu ya Mwokaji

Mwokaji na mkewe walikuwa wakilala kitanda kimoja kwa zamu. Mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, alilala usiku kama watu wote. Mume aliondoka nyumbani wenzake wakianza kufunga milango, akaenda kukanda unga na kusimama mbele ya tanuri hadi kunapopambazuka, kisha akarudi na vumbi jeupe kwenye nyusi na kujitupa upande ule ule ambao mkewe ameuacha na joto lake. Jirani mmoja mtani alisema godoro la nyumba ile halijawahi kupewa likizo, na Fundi alicheka mpaka akajichoma kidole na sindano.

Mwanzoni walipata nafasi zao. Jioni, kabla mume hajaondoka, mlango ulirudishwa na wateja wa nguo wakaambiwa Fundi amejipumzisha. Lakini miaka ilivyokwenda, mume akawa anarudi amechoka, anaamka amechoka, anaondoka amechoka. Alisinzia na kijiko mkononi. Fundi akivaa lile gauni jepesi alilojishonea mwenyewe, lenye kamba za begani, mume alimwambia, "Umependeza, mama," kwa sauti ya mtu anayesifu kitambaa dukani, kisha akageukia ukutani.

Na mtoto walikuwa hawajapata. Hilo ndilo lililomkereketa Fundi moyoni. Alikuwa anakaribia arobaini, na mama mkwe kila akija kuwasalimia alikuwa na tabia ya kuzunguka kile chumba cha cherehani akishikashika vigauni vilivyotundikwa.

"Mkwe wangu, una mkono wa nguo za watoto," angesema, akikipindua kigauni aone pindo. "Za watoto wa watu."

Basi Fundi akaenda kwa kaka yake. Kaka huyu ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipoondoka duniani, yeye alikuwa kijana wa kubeba mizigo sokoni. Akambeba na dada yake vilevile, akamsomesha hadi akamaliza, akamnunulia cherehani ya kwanza, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu ubavuni, ambayo mpaka leo Fundi hamruhusu mtu mwingine kuitia mafuta. Siku hizi kaka alikuwa na chumba chake cha mazoezi, chenye vyuma, kamba na vioo ukuta mzima, na watu wakamwita Kocha hata wale wasioinua zaidi ya kikombe cha chai.

"Kaka, zungumza na shemeji yako," Fundi alimwambia, na machozi yakamtoka kabla hajamaliza. "Wewe mwanamume mwenzake. Sijui kama anaumwa, sijui kama ana mtu huko nje. Mimi hanioni. Nitapataje mtoto na mtu asiyeniona?"

Kocha alimfuta machozi kwa taulo lake la begani, lililonuka jasho na sabuni. "Nyamaza, mdogo wangu. Niachie mimi."

Na kweli, haukupita muda mrefu mume akabadilika. Mabega yakajaa hata mashati mawili ikabidi Fundi ayafumue ubavuni na kuyapanua. Akawa anarudi kazini anapiga mluzi. Gauni la kamba za begani likapata kazi, na likapasuka kamba moja, na Fundi akaishona huku anacheka peke yake. Kila Jumamosi mume alikwenda kwa Kocha, mazoezi, alisema, na baadaye kuangalia mpira. Fundi akafurahi kuona shemeji wawili wamekuwa kama pacha. Akawa anawafungia chakula kwenye bakuli la mfuniko, na fulana ya mumewe akaipiga pasi. Hebu fikiria, fulana ya kwenda kutolea jasho, na mtu anainyoosha mikunjo!

Kocha naye akamwomba pazia. "La chumba cha nyuma," alisema. "Kitambaa kizito, kisichoonyesha. Watu wapate pa kubadilishia nguo kwa heshima zao." Fundi akachagua kitambaa cha buluu iliyoiva, akakishona mshono wa kurudia, akatia vishikizo vya pete juu, akakataa kulipwa. Nani anamlipisha kaka?

Yalikuwako mambo madogo, lakini nani huyatilia maanani mambo madogo nyumba ikiwa na furaha? Mume alianza kutoa vipele mgongoni kama kijana anayebalehe. Na wakati mwingine, siku ya kufua, Fundi aliona kitone cha damu kwenye suruali ya ndani ya mumewe, upande wa takoni, kidogo kama kichwa cha pini.

"Msumari wa kiti," mume alisema. "Kile cha karibu na dirisha."

Fundi akakipindua kiti, akapapasa chini ya godoro lake, akaona kweli upo msumari mmoja umechomoza kidogo. Akaupigilia kwa nyundo, akaongeza na kitambaa juu yake ili mumewe asiumie tena.

Miezi ikaja na kwenda, na kila mwezi ukamjia na jibu lile lile. Fundi akaanza kwenda hospitali. Walimpima damu, wakampima mkojo, wakampa vidonge vilivyomfanya aone kizunguzungu mbele ya cherehani, hadi siku moja akakata kitambaa cha mteja kinyume. Wakamfanyia na ile picha ya mirija ya uzazi, ya kuingizwa dawa kwa mrija huku umelala chini ya mashine, na maumivu yake hayasimuliki mbele ya wanaume. Siku hiyo mume alikuwa ametoka kazini na usingizi, kwa hiyo Kocha ndiye aliyemsindikiza kwa gari lake. Akamsubiri nje ya mlango. Alipotoka ameinama, akishika ukuta, Kocha alimfungulia mlango wa gari akampa soda baridi.

"Vumilia, mdogo wangu," alisema. "Mungu hajamaliza na wewe."

Mirija ilikuwa mizuri. Daktari, mwanamama mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, akaiweka picha pembeni akasema, "Mama, mimi sikupi tena hata kidonge kimoja mpaka nimwone mwenzako. Mtoto haitwi na mtu mmoja."

Mume aligoma kama mtoto anayekataa kuoga. "Mimi? Mimi mzima kama chuma. Wewe mwenyewe shahidi." Akasingizia kazi, akasingizia tumbo. Fundi akambembeleza, kisha akanuna, kisha akapiga moyo konde akamwambia kwamba asipokwenda, yeye Fundi atarudi kwa kaka yake. Mume aliposikia neno kaka alikohoa, akakubali. Akatoa damu, akatoa na mbegu kwenye kichupa, na wakaambiwa warudi kwa majibu.

Siku ya majibu waliketi mbele ya meza ya daktari, mume amevaa shati lile lililopanuliwa. Daktari alivaa miwani, akasoma, akaivua, akaivaa tena.

"Baba, unafanya kazi gani?"

"Mwokaji, daktari."

"Wa mikate?"

"Wa mikate."

"Vizuri. Basi nikuulize jambo la kazi yako." Daktari alikunja mikono juu ya karatasi. "Tuseme kila alfajiri kuna mtu anakuletea mikate iliyokwisha kuiva, anaishusha mlangoni, imejaa mpaka haina pa kuwekwa. Bosi wako, akiiona ile, atakwambia uwashe tanuri?"

Mume akacheka kidogo. "Ataniambia nizime. Moto wa nini tena?"

"Na vijana wa kukanda?"

"Watarudi kwao."

"Na tanuri lisipowashwa muda mrefu?"

"Linapoa, daktari. Linaingia hata ubaridi kwenye matofali."

"Basi ndivyo ilivyo damu yako," daktari alisema, na sauti yake ikashuka. "Homoni ya kiume imejaa humu kuliko ya kijana wa miaka ishirini. Ungesema, mwanamume si huyu! Lakini zipo homoni nyingine mbili. Hizi zinatoka kwenye kitezi kidogo chini ya ubongo, na ndizo zinazoziamuru korodani zifanye kazi. Huyo ndiye bosi. Kwako hazipo. Mashine imezitafuta, imezikosa. Bosi ameona mikate mlangoni, amezima. Na mbegu kwenye kile kichupa, hakuna. Sikusema chache. Hakuna hata moja."

Fundi alisikia feni ya dari ikilia kwenye mhimili wake.

"Damu ikisomeka hivi, na nguvu za kiume zikiwa nzima hivi," daktari aliendelea, "mara nyingi maana yake ni moja: mikate inatoka nje. Unachoma sindano gani, baba?"

"Vitamini," mume alisema.

"Vitamini haifanyi hivi."

Mume akatazama viatu vyake, akatazama dirisha, na mwisho, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kutazama, akamtazama mkewe. "Nilitaka kukwambia," alisema.

"Nani anakuchoma?" Fundi aliuliza, na sauti aliyoisikia haikuwa yake.

"Kaka yako."

Ikatoka yote, kipande kipande, kama mtu anayetoa miiba. Kocha alimwambia dalili zake zote ni za upungufu wa homoni, tena dawa yake ipo. Wakaenda kupima kwenye maabara ndogo ya jirani. Walimwambia aje asubuhi, akaja asubuhi. Ikaonekana ndogo. Kocha akamwambia, umeona? Akaanza kuchomwa Jumamosi hiyo hiyo.

"Ulipima mara ngapi?" daktari aliuliza.

"Mara hiyo hiyo moja."

"Na asubuhi hiyo ulikuwa umetoka wapi?"

"Kazini. Nilipitia huko huko, hata aproni sikuvua. Nikatolewa damu, ndipo nikaenda kulala."

Daktari aliegemea kiti, akashusha pumzi ndefu. "Ah, baba wewe. Tunaposema asubuhi, tunamaanisha mtu aliyelala akaamka. Homoni hii hupanda usingizini, na saa za mwanzo za kuamka ndipo iko juu. Asubuhi ya watu ilikuwa usiku wako wewe. Ulikuwa umesimama mbele ya moto tangu jana yake, hujafumba jicho. Hata mimi ningekupima hapo ningeikuta chini. Na hata ikiwa chini kweli, haichomwi sindano kwa kipimo kimoja. Unarudia siku nyingine, umelala vizuri, hujala kitu, hujaugua. Unawapima na wale mabosi wawili, ujue tatizo liko kichwani au liko chini. Unapima na nyingine, ile inayoleta maziwa kwa mama, ambayo hata mwanamume anayo, maana ikipanda huishusha hiyo ya kiume, na wakati mwingine ni kivimbe kichwani kinaanza. Ukikimbilia sindano umefunika chungu hujui ndani kuna nini. Na mtu anayetafuta mtoto, sindano hii haigusi kabisa!"

"Kwa hiyo sikuwa mgonjwa?" mume aliuliza.

"Sijui, na sasa ni vigumu kujua. Pengine ulikuwa mtu mwenye usingizi."

Daktari aliwaambia yaliyobaki bila kuwapaka mafuta. Sindano ziache leo. Mwili utazubaa, atachoka kuliko mwanzo, atanuna, hamu itamkimbia, na asije akarudia kwa kuona hivyo. Kwa wengi bosi huamka tena, lakini ni kwa miezi, wengine mwaka na zaidi, na wapo wachache ambao hawarudi walivyokuwa. Ahame zamu, alale usiku, arudi kupimwa kama inavyotakiwa. Kisha akamgeukia Fundi na kumshika kiganja. "Pole, mama. Na zile dawa zangu, zitupe."

Njiani Fundi alitangulia. Mume ndiye aliyesema, akimfuata nusu hatua nyuma. "Niliona aibu. Mwanamume anasemaje kitu kama hicho? Na kaka yako alisema nisikwambie, utafikiri mimi si mzima. Nilimuuliza kuhusu mtoto, wallahi nilimuuliza. Akaniambia itanizidishia mara mbili. Na yeye pia hakujua. Tulidanganyika sote."

Hapo Fundi akapata kitu cha kushika. Kaka hakujua. Mume alimficha, mume alimwona akilia kila mwezi na akanyamaza, mume alimtazama akikipigilia kiti msumari. Hilo lilimkata maini. Lakini kaka hakujua. Kocha ni mtu wa vyuma, si daktari, alifanya ujinga kwa mapenzi. Usiku kucha wazo hilo lilimkalia kifuani kama mto alioukumbatia, na kesho yake akachukua kigauni cha njano alichokuwa akimshonea binti wa Kocha, akaenda nacho. Atamweleza kaka taratibu, alijisemea, asije akajilaumu mno.

Kocha hakuwapo. Alikuwapo wifi yake, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi, anamsuka mtoto nywele kwenye kibaraza. Mtoto alipoona gauni aliruka, chanuo likabaki kichwani.

"Shangazi! Lina mifuko?"

"Lina miwili."

"Kaa chini, utashonwa na wewe," wifi alimkemea. "Wifi, mbona macho mekundu? Umegombana na cherehani?"

Fundi akaketi. Hakutaka kusema, lakini maneno yalimponyoka: kwamba wametoka hospitali, kwamba mume hana mbegu, kwamba ni sindano za mazoezi ndizo zilizomfunga.

Wifi akapiga kofi pajani. "Zile zile! Haya, na shemeji naye kaziingia? Wifi, kaka yako alipokuwa anajichoma zile alikuwa kama beberu, nyumba haikaliki, lakini mimba ng'o! Mpaka tukaenda kwa daktari, akamwambia ukitaka mtoto weka chini sindano. Akaweka. Akakaa kama mgonjwa, ananuna, ananenepa, mwaka ukazunguka, ndipo tukampata huyu bibi wa mifuko." Akampiga mtoto kikofi cha mapenzi. Kisha mkono wake ukasimama hewani, maana alikuwa ameuona uso wa Fundi.

"Hukuniambia," Fundi alisema.

"Alinikataza, wifi. Alisema mambo hayo dada hasimuliwi." "Kwani shemeji anachomewa wapi?"

Fundi alikuwa anamtazama mtoto, ambaye sasa amevaa gauni juu ya nguo nyingine na anatia mikono mifukoni. Nguo za kwanza za mtoto huyu alizishona yeye. Soksi, kofia, hata kile kitambaa cha kumfungia alikipiga taraza kwa mkono. Na Kocha alizipokea, akamshukuru, akamwambia, "Na wako watakuja."

Alipofika kwenye chumba cha mazoezi, vyuma vilikuwa vinalia na wanaume wanahesabu kwa pumzi. Kocha alimwona kwenye kioo kwanza. Tabasamu lake lilianza, kisha likakosa pa kwenda.

"Mdogo wangu, twende nyuma."

"Huko nyuma nimeingia lini? Sema hapa hapa. Ulijua?"

"Punguza sauti."

"Ulijua, kaka? Wewe uliacha zako upate mtoto. Ulijua?"

Vyuma vikaanza kutua chini kimoja kimoja. Kocha akajifuta uso kwa taulo, lile lile la begani.

"Ulinijia unalia," alisema kwa sauti ya chini. "Ulisema mumeo hakuoni. Nilikurudishia mume au sikukurudishia?"

"Nilikuomba uzungumze naye."

"Kuzungumza kungesaidia nini? Nyumba yako ilikuwa inabomoka. Nilisema kwanza ndoa isimame, mtoto baadaye. Ningemwachisha. Nilikuwa naangalia wakati."

"Wakati wa nani? Wangu?" Fundi alimkaribia. Alikuwa mfupi, na Kocha alikuwa pande la mtu, lakini Kocha ndiye aliyerudi nyuma. "Nilipolala chini ya ile mashine, ulikuwa nje ya mlango. Ulinisikia. Nimetoka siwezi kusimama, umenipa soda. Mungu hajamaliza na mimi, ulisema! Kumbe wewe ndiye uliyekuwa hujamaliza na mimi."

"Mdogo wangu—"

"Ungeniambia kwenye gari. Ungesema tu, dada, geuza, usiende kuumia bure. Neno moja."

"Niliona aibu," Kocha alisema mwishowe, na likawa neno lile lile alilolisema mume, na Fundi alilichukia zaidi lilipotoka mara ya pili. "Jinsi siku zilivyozidi ndivyo nilivyoshindwa. Ungenionaje?"

Fundi akampita. Akaenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha nyuma, kwenye lile pazia la buluu iliyoiva. Akalisogeza. Ndani palikuwa na kitanda chembamba, beseni, na kiti. Hakuna ndoano ya nguo hata moja. Akapanda juu ya benchi la vyuma, akaanza kuzitoa pete kwenye fimbo, moja moja, bila haraka, kama anavyoshusha mapazia ya mteja anayehama. Wale wanaume wote wakamtazama. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipomaliza akalikunja mara nne, akalitia kwapani, akatoka, na kile kitanda kikabaki wazi mbele ya kila mtu.

Mume alihamishwa zamu. Sasa anauza mikate mbele, dirishani, na jioni anarudi. Mambo yakawa kama daktari alivyosema: akawa mzito, mnyonge, mashati yakalegea, na mara mbili Fundi alimkuta ameketi kwenye kile kiti cha dirishani akilia bila sauti. Hakumfukuza na hakumbembeleza. Kitanda hakikuwa cha zamu tena. Walilala wote wawili kwa saa za watu, na ajabu ni kwamba Fundi aliliona godoro lile jembamba sasa kuwa pana. Kati yao aliweka mto. Pazia lilikaa kwenye kikapu cha vitambaa, na kila alipotafuta kipande cha buluu alikiruka.

Kocha alikuja mlangoni, akarudi. Akaja tena, akarudi. Mtoto ndiye aliyeruhusiwa. Alikuja na mama yake, akaketi chini ya meza ya cherehani kuokota vifungo. Ile cherehani nyeusi Fundi hakuitupa. Alifikiria kuitupa. Lakini mguu wake umeizoea, na tumbo lake linaitegemea, na huo nao ulikuwa uchungu wake.

Miezi ilipotimia daktari akamwita mume. Alilala usiku mzima, akaamka hajala, Fundi akamwamsha mwenyewe na kumpa maji tu. Akapimwa. Wiki ile ile akapimwa tena, vilevile. Waliporudi kwa majibu, daktari alivaa miwani na hakuivua.

"Mabosi wameonekana," alisema. "Wadogo, lakini wapo. Kichwa kimeanza kuita. Hiyo ya kiume yenyewe bado iko chini, na sasa nikiiona chini najua kwa nini iko chini. Ile ya maziwa ni safi. Mbegu tutazitafuta baadaye, leo bado ni mapema."

Mume akaziba uso kwa mikono yake miwili. Kisha akautoa mkono mmoja, akautafuta mkono wa mkewe juu ya mapaja yake. Fundi alimpa mkoba aushike.

"Na mimi, daktari?" aliuliza. "Mwaka huu uliopita. Unarudi?"

Daktari hakumdanganya. "Haurudi, mama. Uliobaki upo, na si mwingi. Sitakuahidi."

"Asante kwa kuniambia," Fundi alisema, na alimaanisha.

Walipotoka nje, gari la Kocha lilikuwa limesimama pale pale lilipokuwa limesimama siku ile. Sijui nani alimwambia; labda wifi. Alikuwa ameegemea mlango, amepungua kidogo usoni, na alipoufungua mlango wa nyuma Fundi aliiona mkononi mwake soda, inatoka jasho kwa baridi.

"Jua kali," Kocha alisema. "Nitawafikisheni nyumbani. Sisemi neno."

Fundi aliitazama ile soda. Akamtazama kaka yake, mikono ile iliyombeba, iliyompa cherehani, iliyomshika mumewe nyuma ya pazia lake. Akageuka, akashika njia kwa miguu.

Mume alibaki katikati, mkoba wa mkewe mkononi, mlango wa gari wazi mbele yake. Fundi hakugeuka kumwita. Alifika kona ya ukuta wa hospitali kabla hajasikia viatu vikija nyuma yake, vizito, vya mtu aliyechoka, vikijitahidi. Hakupunguza mwendo ili vimfikie. Ila hakuviambia virudi.